Kwa Baba Yetu Mashimba Shigela, Aliyekanyaga Breki Akijua

Mwaka umetimia, baba, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipovuka na kivuko kwenda Kamanga ukiwa na mzigo wa nondo. Ulimtumia mama ujumbe kwamba ziwa limetulia na kwamba usiwekewe chakula cha mchana, utakula Sengerema. Sengerema hukufika.

Ninayeandika tangazo hili la kumbukumbu ni mimi Tereza, mwanao wa kwanza, kwa niaba ya wote. Mama alisema niandike ukweli au nisiandike kabisa.

Uliendesha malori miaka ishirini na sita. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache, uliyekunywa chai bila sukari na kupiga pasi mashati yako mwenyewe kwa sababu uliamini hakuna mwingine anayejua kunyoosha kola. Kila ulipotoka safari za Geita ulituletea mananasi, ukayamenya wewe, ukatugawia, ukabaki na kile kigumu cha katikati ukidai ndicho kitamu. Tulikuwa wakubwa tayari tulipogundua kwamba si kitamu.

Lakini likiguswa suala la barabara ulikuwa huishi kuongea. Jumapili baada ya ibada madereva vijana walikuja kwetu Igoma, mkakaa barazani, ukapanga vizibo vya soda mezani: hiki lori, hiki basi, hiki mwendesha baiskeli. Ukawauliza wangefanya nini wakiona ajali haiepukiki. Wengi walisema wangekata usukani. Ulikuwa ukitikisa kichwa.

Uliwaambia lori lenye mzigo halikatwi kona kwa hofu, litalala na kufagia kila kilichopo. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga breki gari likiwa limenyooka, piga honi. Mwendo ukishapungua ndipo uachie breki kidogo na kulitoa gari kushoto, kwenye shamba au vichaka, popote pasipo na mtu. Kulia usiende, kulia kuna wanaokuja. Na usikubali kugongana uso kwa uso kama kuna njia nyingine yoyote, hata ikiwa ni mtaro. Nilikuwa nikipita na birika la chai nikasikia haya mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuyasema usingizini, mimi ambaye sijawahi kushika usukani.

Siku moja Nathaniel, kijana uliyemfundisha kazi tangu hajui hata kurudi nyuma na trela, alikuuliza kuhusu nondo.

"Mzee, na kama nondo hazijafungwa kwa minyororo?"

"Ukikanyaga breki kwa nguvu zitakuja mbele. Zitakukuta umekaa."

"Sasa hapo nifanyeje?"

"Hapo usitoke nazo."

Hilo ndilo jibu lako, baba. Tumelirudia mwaka mzima.

Kwa sababu Alhamisi ile ulitoka nazo. Nathaniel alikuwepo uani, lori lake la saruji likiwa nyuma ya lako, na ametusimulia. Ulimwambia msimamizi kwamba kamba peke yake hazizuii chuma. Ulikuwa umeomba minyororo kwa miaka miwili, na mara zote ulijibiwa kwamba inakuja. Safari hii tajiri mwenyewe, mwenye malori, alipigiwa simu, akasema kama unaogopa uache ufunguo mezani, wenye kuutaka wapo. Mdogo wangu Gladness alikuwa anaanza chuo mwezi ule. Ulisimama kidogo na ufunguo mkononi, anasema Nathaniel, kisha ukaenda kukaza zile kamba wewe mwenyewe, ukazikaza mara mbili, ukapanda.

Hatukulaumu kwa hilo. Au tunakulaumu kidogo, tutakudanganya kwa faida gani? Tungekula viazi, baba. Gladness angesubiri.

Mlishuka Kamanga salama. Mlikuwa mmeshatembea kama nusu saa kuelekea Sengerema, mwendo wa taratibu, Nathaniel akikufuata kwa mbali ili asile vumbi lako. Kwenye kilima kimoja chenye mihogo pande zote mbili, Noah ya abiria ilitokea juu upande wako, ikilipita trekta mahali ambapo mtu haoni mbele. Trekta upande wao, Noah upande wako, na wewe.

Taarifa ya kwanza iliyosomwa redioni ilisema dereva wa lori alishindwa kulimudu gari lake. Tulikuwa bado hatujakuzika. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, redio ya jirani ikasema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha ikaendelea na bei za pamba.

Hukushindwa kulimudu. Nathaniel aliipima alama ya matairi kwa hatua zake siku ile ile, kabla magari mengine hayajaifuta: hatua arobaini na mbili, zimenyooka. Halafu zinapinda kushoto polepole na kuingia kwenye mihogo. Lori lilisimama kwa magurudumu yake yote, halikulala. Noah ilipata upenyo, ikakwaruza ubavu wa trela na kuishia mtaroni. Walikuwemo watu tisa. Mmoja alivunjika mfupa wa bega. Wote wako hai.

Nondo zilikuja mbele.

Nathaniel alipofika mlangoni mwako, mikono yako yote miwili ilikuwa bado kwenye usukani.

Tajiri alituma shada la maua na mtu wa kuchukua ufunguo wa akiba uliokuwa kwenye kabati letu. Vilikuja kwa gari moja. Dereva wa Noah hakuja, si msibani, si arobaini. Aliandika kwenye maelezo yake polisi kwamba ulikuwa kwenye mwendo mkali. Alifungiwa leseni kwa miezi michache, na sasa tunaambiwa amerudi barabarani, anapakia kama kawaida.

Aliyekuja ni Odeta, mama mmoja wa Sengerema, wiki ya tatu baada ya mazishi. Alikuwa amekaa kiti cha mbele cha ile Noah, binti yake wa miaka minne mapajani. Alimwamkia mama, akabaki amesimama mlangoni na mtoto mkononi hadi alipoambiwa mara ya pili aketi. Alisema alimwomba dereva asubiri kilima kiishe, akajibiwa kwamba anayeendesha ni mmoja. Alisema mlipokutana alikuona vizuri, kioo kwa kioo.

"Hakufumba macho," alisema. "Alimwangalia mtoto wangu, halafu nikamwona anakanyaga, mwili mzima."

Mama alimpakata yule mtoto kwa muda, akamfuta vumbi miguuni na kitenge chake, kisha akamrudisha kwa mamaye, akaingia chumbani na kufunga mlango. Odeta alivuka kurudi kwao jioni ile. Kesho yake alikwenda kutoa maelezo polisi bila kuitwa na mtu, akarudi tena na tena hadi yalipoandikwa. Mwezi wa tano jalada lilibadilishwa. Kosa lako liliondolewa. Redio haikusoma hilo.

Baba mdogo Venant hupenda kumfariji mama kwamba pengine hukupata muda wa kufikiri, mguu ulikanyaga wenyewe kama mguu wa dereva yeyote. Mama hakubali.

"Miaka yote ile ya vizibo," alimjibu juzi. "Alijua kilichokuwa nyuma yake. Alijua vizuri kuliko wote."

Baadaye, tukiwa wawili tu jikoni, aliniambia jambo ambalo nimeomba ruhusa yake kuliandika. Alisema yule wa Noah ameshamsamehe, maana hamjui. Wewe bado. Anasema katika ule muda wote wa hatua arobaini na mbili ulikuwa na mke na watoto watatu, na uliwachagua watu usiowajua. Anasema usingefanya hivyo usingekuwa wewe, na kwamba hilo halimsaidii usiku wala mchana.

Minyororo imenunuliwa. Mwezi uliopita Nathaniel alikataa kutoka na nondo, akaweka ufunguo mezani, na wenzake wanne wakaweka zao. Tajiri aliipata ndani ya siku tatu. Siku tatu, baba.

Jumamosi hii tutakusomea ibada hapa nyumbani, saa nne asubuhi. Odeta alipiga simu kuomba jina lake na la mtoto yaandikwe kwenye tangazo hili. Nilimpelekea mama swali hilo akiwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, akasema, "Waandike. Waandike mwishoni."

Unakumbukwa na mkeo Sabina. Wanao Tereza, Elias na Gladness. Mdogo wako Venant na mkewe Suzana. Dada yako Kija wa Misungwi. Nathaniel na madereva wenzako wote. Pamoja na Odeta wa Sengerema na binti yake Lusia.

Tutakukumbuka siku zote, baba, hata siku zile tunapokukasirikia.