Gitaa Kisimani

Mjukuu wangu Habona,

Salamu zako kutoka Dakar zimefika, na wimbo wenu pia. Hapa Garsen sote wazima. Mpunga umetoa mashuke, na bibi yako ameucheza huo wimbo kwenye simu mpaka jirani ameukariri.

Unauliza utajuaje kama jazi yako inaharibu midundo ya wapiga ngoma wa huko. Ngoja nikuchekeshe.

Ujanani nilibeba gitaa hadi kisima kirefu cha Waorma, majirani zetu wafugaji, wanaponyweshea ng'ombe. Kiangazi wanaume hushuka ndani, mmoja juu ya mwingine, wakipasiana ndoo huku wakiimba ili mikono ikutane. Nikaomba niwapigie. Nilianza vizuri, kisha nikataka kuonyesha ujuzi. Nikauchelewesha mdundo kama wanajazi niliowasikia redioni. Ndoo ikakosa mkono, maji yote yakammwagikia Galgalo, aliyekuwa chini kabisa.

"Wewe kijana!" akapaza sauti. "Hilo gitaa lako linajua kila kitu, ila halijui kwamba mimi niko huku chini!"

Tulicheka hadi ng'ombe wakashtuka. Nikaanza tena, sasa nikiisikiliza ndoo. Kumbe kati ya mkono na mkono kulikuwa na nafasi ndogo, na jazi yangu yote ikaenea mle. Kabla ng'ombe wa mwisho hajanywa, walikuwa wameshalitungia gitaa ubeti.

Msalimie mpiga ngoma wenu. Mkipiga tena, mtazame usoni, halafu uniandikie kama amelowa.

Babu yako,
Komora