Ndege wa Vichwa Viwili Siku ya Posa

Shoga, hebu sikia. Wametoka sasa hivi.

Wale watu wa Riyadh, Waunguja waliokimbia kwao kama sisi, waliokuja kumposa mjukuu wangu Samia. Kikombe mkononi, mama wa kijana akaganda, macho ukutani. "Bi Ruzuna, nini kile? Ndege wa vichwa viwili? Si uchawi ule?"

Uchawi! Hapa Jeddah! Neno hilo likivuka mlango tu, halas, posa imekufa. Samia nyuma ya pazia anakata roho.

Nikasema, "Ile jezi ya mpira wa kikapu." Wapi! "Mpira gani una ndege wa mashetani?"

Mashetani, shoga! Jezi ya marehemu mume wangu Hamdun, aliyopewa na baharia wa Kigiriki bandarini!

Basi nikamwaga yote Hamdun aliyokuwa akinihadithia. Kwamba timu ni AEK ya Athens, imeundwa na watu waliokimbia kwao Istanbul, karne moja sasa, na ndege huyo, nembo ya kwao, wakaja naye. Kwamba mwaka sitini na nane timu hiyo ya wakimbizi ikachukua kombe la Ulaya, uwanja umefurika pomoni.

 Mama wa kijana akatua kikombe.

Akauliza polepole, "Na kwao, walirudi?"

Nikamwambia, "Wewe umerudi Unguja?"

Shoga, akalia! Aliyeniita mchawi kaniangukia begani, kanilowesha dera lote. Halafu akajifuta, akampigia mumewe kelele chumba cha wanaume: "Baba Ziyad, yalla, someni Fatiha ya posa!"

Mimi nikaitikia amina hata hawajaanza.