Odeta wa Karema

Jumamosi, 6 Septemba 2025
Leo nimezaliwa upya — Odeta wa Karema, miaka kumi na saba, picha ya ua jekundu. Jirani yangu Ng'washi ndiye aliyenifungulia akaunti, mimi namshonea gauni. Anasema mtoto wa siku hizi ukimuuliza hakwambii kitu, mfuate hukohuko mtandaoni. Suzana kanikubali ndani ya dakika mbili! Binti yangu mwenyewe. Hesabu kapata kumi na nane kwa mia, mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na kutwa nzima yuko kwenye simu ya zamani ya baba yake. Nataka kujua kuna nini humo.

Jumapili, 7 Septemba
Hakuna mwanaume. Mungu ashukuriwe! Ni viboko. Anawapiga video kutoka darajani, anaeleza kwa nini kiangazi wanabanana dimbwi moja na nani anamfukuza nani. Anaongea vizuri! Kwangu maneno kumi mfululizo hajawahi.

Jioni nikamuuliza, mama mkwe, siku ilikuwaje? (Ana jina la mama yake Ponsian, mume wangu. Mimi peke yangu namwita hivyo.) "Kawaida tu, mama."

Basi Odeta akamwandikia: Unaeleza vizuri sana, ila wanaonekana wadogo, hatuwaoni. Nilitaka tu anijibu.

Jumatano, 10 Septemba
Kwenye video ya leo viboko ni wakubwa. Hadi meno naona. Hayuko darajani — ameteremka kwenye matope, na juu ameandika: "Kwa ajili ya dada Odeta." Mimi!

Ponsian ni dereva hifadhini, yuko zamu hadi Jumatatu. Mwaka juzi alisaidia kumbeba mtu aliyekutana na kiboko. Hakula nyama wiki nzima.

Nikimwambia Suzana, atajua nilimchungulia, na hatanieleza kitu tena maishani. Nikinyamaza je? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimejaribu kuzunguka. Wakati wa kula nikasema viboko wa mwaka huu wakali. "Nani kakwambia naenda huko?" Akaondoka na sahani yake. Odeta naye kaandika kwamba video za darajani zilikuwa nzuri zaidi. Kajibiwa kwa vicheko: "Dada muoga wewe!"

Jumamosi, 13 Septemba
Saa kumi jioni nipo kwenye cherehani, simu ikalia. Suzana yuko laivu, ameteremka tena. Nyuma yake dume limetoka majini — miguu yote minne juu ya matope! Yeye anatazama simu. Watu wanaandika sogea, sogea. Mpaka mtoni ni dakika kumi za kukimbia. Nikaandika:

RUDI MAMA MKWE KIBOKO NYUMA YAKO

Niliona macho yake yakisoma. Akageuka. Picha ikaruka — nyasi, mbingu — ikakatika.

Nimekimbia na tepu ya kupimia shingoni. Nikamkuta njiani anakuja, matope hadi magotini, mzima. Mzima! Akanipita. Nami pumzi sikuwa nayo. Tumerudi hivyo hivyo, yeye mbele.

Sasa yuko nje ananawa miguu, hatua sita kutoka hapa nilipokaa. Simu imelia. Ujumbe wake kwa Odeta: "Mama, uliposema naeleza vizuri, ulimaanisha?"

Nimeandika ndiyo. Nimefuta. Hili ni la kusema kwa mdomo.

Nje maji yameacha kumwagika.