Shimo Refu la Baba

To. To. Sauti ya matone yakiangukia kwenye glasi haijanitoka tangu jana. Leo ni Jumamosi, wingu limeshuka mpaka kwenye migomba. Naandika haya kwenye daftari. Jumatatu nikishuka Moshi nitayachapa kwenye intaneti.

Mwaka jana majirani walilalamikia harufu. Baba humenya kahawa hapa nyumbani kwa mashine ya mkono, na maji ya kuoshea yalikuwa yakitiririka na kuoza. Yeye ni mzee wa kanisa, hapendi lawama. Akachimba shimo la kumwagia maji hayo mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba, refu kupita kimo chake, makusudi, ili harufu isimfikie mtu. Majirani walimshukuru.

Mteremkoni chini ya shimo, hatua chache tu, kuna kisima cha Mama Eliamani. Mjukuu wake anapikiwa uji kwa maji ya kisima hicho.

Chuoni tulifundishwa hivi: udongo hushika takataka, lakini kilichoyeyuka hushuka na maji, polepole, mvua baada ya mvua. Shimo likiwa refu, safari ya kufikia maji yaliyo chini ya ardhi inakuwa fupi.

Baba ameifupisha kwa wema wake.

Jana nilikata chupa ya plastiki, nikatoboa kizibo, nikaigeuza juu ya glasi, nikajaza udongo wa kihamba. Juu nikamwaga maji ya matope niliyotia chumvi.

“Haya, Profesa,” Baba alinicheka. “Chuo kimekufundisha kupika udongo?”

Tulisubiri. To. To. Maji yakatoka maangavu.

“Si unaona? Umechuja.”

“Onja, Baba.”

Akaonja, akatema.

“Haya yaishie hapa nyumbani.”

Nakiri, nilitaka kumtii. Ningenyamaza, angebaki yule waliyemshukuru.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Eliamani. Nilimwamkia, nikamweleza yote.

“Kumbe!” alisema. “Tangu masika maji yananuka. Mimi nilidhani chura amefia humo.”

Alicheka peke yake. Kisha akamtazama mjukuu wake, akainuka kumwaga maji yaliyokuwa jikoni.

“Baba yako anajua umekuja?”

“Hapana, Mama.”

Niliamua kumchotea maji safi kwenye bomba la kanisani. Kuna njia mbili za kufika huko. Ya nyuma inapita migombani, ambako mtu haonekani. Nilijitwika ndoo ya Mama Eliamani, nikapita ya mbele, mlangoni kwetu.

Baba alikuwa barazani. Nilimwamkia, shikamoo.

Alichelewa, lakini aliitika.