Majibu ya Damu Yangu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zitangulie, mengine yafuate. Hujambo? Shemeji hajambo? Na Kicheko wetu, kifafa kimempungua tangu abadilishiwe dawa? Nasikia sasa anasimama akishikilia meza, na akiona beseni la maji anacheka mpaka majirani wanacheka naye. Mwambie mjomba anamkumbuka. Sisi huku miili ni mizima. Mimi tu ndiye sina raha, na nimejitakia mwenyewe.

Kiwandani bado ni mkaguzi wa nguo. Shati bovu nalitia alama ya chaki, linaondolewa, kazi inaendelea. Siku niliyokwenda kupimwa nilimweleza daktari wa jeni kazi yangu, akafurahi, akasema hata ubongoni kuna protini yenye kazi kama hiyo: hutia alama protini nyingine zilizochakaa ili zivunjwevunjwe. Jeni inayoitengeneza ndiyo mbovu kwa Kicheko, kwa hiyo za kuondolewa zinarundikana. Kisha akanieleza jambo lililoniacha mdomo wazi. Ubongoni, jeni hiyo ikitoka kwa baba hulala tu. Inayofanya kazi ni ya mama. Mwanamume aliyeirithi mbovu kwa baba yake anakuwa mzima kabisa, na watoto wake nao wazima. Balaa huweza kutokea binti yake aliyeirithi anapozaa.

Wewe, uliyekwisha kupimwa ukakutwa nayo, nilikwambia nimepimwa na sina kitu. Ukasema kwenye simu, kwa sauti ya chini, kwamba basi imeanzia kwako. Sikukubishia. Tena unanijua nilivyo na mdomo: mwezi uliofuata, mbele ya mama na shemeji, nilijigamba kwamba watoto wangu wanne wote wako timamu, nikakuuliza ulikunywa dawa gani ulipokuwa mjamzito. Uliinuka ukaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilikuona, nikaendelea kula.

Mdogo wangu, nilidanganya. Majibu yalisema ninayo, ileile ya Kicheko. Sote wawili tumeirithi kwa marehemu baba. Miezi saba karatasi imelala kabatini chini ya suruali zangu, kwa sababu niliona haya kuwa na kasoro, mimi mtafuta kasoro za wengine. Nilikuachia mzigo wetu sote uubebe peke yako. Nikikumbuka, natamani ardhi ipasuke.

Binti yangu wa kwanza naye aliniamini, hakupimwa. Sasa ni mjamzito wa miezi minne. Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Nilitegemea atalia, au atanifokea. Aliuliza tu kama shangazi yake anajua. Nikasema bado. Kesho anakwenda kupimwa na mumewe, na amenikataza kumsindikiza. Alinifungulia mlango nitoke, akasema nikuandikie wewe kwanza, na nisikanyage kwake mpaka niwe na jibu lako mkononi.

Mama msomee barua hii yote, usimfiche neno. Shemeji mpe salamu zangu, kama atazipokea. Sina uso wa kukuomba msamaha, lakini nauomba.

Ni mimi,
kaka yako.