Mzigo wa R. Oehler

Jumatatu, 6 Novemba

Kengele saa nne asubuhi. Dereva wa mizigo, anahema kama amekimbizwa. Oehler? Ndiyo, Oehler. Akaninyooshea kile kidude chao, nikatia saini kwa kidole, huyo akaondoka. Boksi likabaki kwenye ngazi, refu kama mlango wa kabati.

NDIPO nikavaa miwani. Irmtraud! Miaka thelathini na minane dirishani posta, halafu unatia saini bila kusoma!

R. Oehler, Mtaa wa Linden 8, Erlenbrunn. Mtaa wangu, nyumba yangu, na kweli kibao cha kengele yangu kinasema R. Oehler. Lakini R ni Reinhold, mume wangu. Ana miaka minne kaburini, na wafu hawaagizi vitu mtandaoni. Mimi ni I.

R. Oehler mwingine ninayemjua ni mmoja tu: Roland, kaka yake mkubwa, kule Hochreut, kilomita sita kupanda mlima. Naye pia anakaa Mtaa wa Linden namba 8! Vijiji vyetu vilipounganishwa kuwa halmashauri moja, kila kimoja kiligoma kubadili jina la mtaa wake, kwa hiyo Linden ziko mbili mpaka leo. Reinhold alikuwa akisema: mimi nimehama nyumbani bila kubadilisha anwani. Wanagenzi wa posta niliwafundisha siku ya kwanza kabisa: barua za kule juu lazima ziandikwe Hochreut. Isipoandikwa, inashuka huku kwetu. Hili boksi halikuandikwa. Kazi ya watu wasiojua kazi.

Haya. Duka limekosea, duka lije kuchukua. Siku tatu, nne, yamekwisha.

Kumpigia Roland? Hapana. Hakuja kumzika mdogo wake.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepigia huduma kwa wateja ya duka. Dakika arobaini za muziki wa filimbi, kisha kijana mmoja, Kilian, mpole kweli. Samahani sana, Bi Oehler. Watakuja Ijumaa, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, nisitoke nyumbani.

Sitoki. Kazi ndogo hii.

Ijumaa, 10 Novemba

Sikutoka. Hata mkate sikwenda kununua. Hakuna aliyekuja!

Aliyekuja ni Bi Striebel wa ghorofa ya juu. Wiki hii zamu ya kusafisha ngazi ni yake, kibao cha usafi kinaning'inia mlangoni kwake, na yeye zamu yake ni kama ibada. Akasimama na ndoo: "Bi Oehler, nipige deki kulizunguka au nilipande juu?" Tumeishi nyumba moja miaka ishirini na sita, bado tunaitana Bi, na hivyo ndivyo tunavyoelewana.

Tumelisukuma mpaka ukumbini kwangu. Ubavuni kuna picha. Kiti cha kuogea, kile kinachomteremsha mtu ndani ya maji na kumpandisha tena. Mzee wa kwenye picha anacheka.

Kwa hiyo Roland haingii tena bafuni mwenyewe. Ana miaka themanini na moja. Mimi simo.

Jumatatu, 13 Novemba

Simu ya pili. Safari hii Fabienne. Anasema kwenye kompyuta mzigo umefika, umepokelewa, umetiwa saini na Oehler. Kwa hiyo mteja anao.

Mteja hanao, nikamwambia, Oehler aliyetia saini ni mimi.

"Basi, Bi Oehler, si umepokea!"

Tulizunguka hapo robo saa nzima. Mwishoni akalegea kidogo, akasema lazima kuna kasoro mahali, maana kuna mzee mwingine naye anawapigia kila siku kuhusu mzigo huohuo. Wao wanamjibu kwamba Oehler ameshapokea. Mzee anakuwa mkali.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilifurahi kidogo. Apige simu, asubiri, asikie muziki wa filimbi. Mimi pia nilisubiri, kanisani, na kiti chake safu ya mbele kikabaki kitupu mpaka mwisho, watu wote wakikitazama.

Kuchukua: Alhamisi. Fabienne ameahidi. Akaniomba niipe huduma yake nyota. Nimempa moja.

Alhamisi, 16 Novemba

Hakuna mtu.

Nimewaandikia barua ya rejista, ukurasa mmoja, maneno makavu. Nimewapa wiki moja. Barua ya rejista hakuna anayeichezea, hilo nalijua.

Bi Striebel ameniuliza kwa nini nisiupeleke mwenyewe. Gari unalo, Hochreut ni dakika kumi. Nikasema mwenye kosa ndiye afanye kazi. Akanyoosha kidole kwenye vibao vya kengele. "Hapo pangeandikwa I. Oehler, dereva angesita, angeuliza."

Nilimfungia mlango. Si kwa nguvu. Kwa nguvu kidogo.

Jina la Reinhold linakaa pale lilipo.

Jumanne, 21 Novemba

Nimelipa jina boksi: Mpangaji. Kila nikienda chooni napita upande upande. Yule mzee wa kwenye picha bado anacheka.

Leo nimejiuliza Roland anaogaje. Kwa beseni, labda. Mkewe Lotte alikufa kabla ya Reinhold, na sisi tulikwenda kumzika, wote wawili, mvua inanyesha, mimi na viatu vibovu. Tulikwenda!

Jumatano, 22 Novemba

Wamejibu. Mistari mitatu. Hawatakuja kuchukua. Kwao faili limefungwa. Naweza kukitumia kiti, au kukitupa.

KUKITUPA!

Watanijua. Kesho kutwa nawaandikia wakubwa wao, moja kwa moja, na nitawafafanulia kama wanagenzi jinsi posta ya hapa inavyokwenda.

Ijumaa, 24 Novemba

Niliandika vizuri. Nilikuwa nimefika hapa: "Chochote kilichoandikwa Oehler, Mtaa wa Linden 8, bila neno Hochreut, huletwa kwangu. Kila mara, bila kukosa, kwa kuwa kengele yangu inasema R. Oehler."

Kalamu ikasimama.

Kadi.

Tulimzika Reinhold kifamilia, walikuja waliopelekewa kadi ya mwaliko tu. Huku kwetu mtu hajileti bila kadi, hata awe ndugu wa tumbo moja. Bila kadi maana yake hutakiwi. Niliandika bahasha sitini na mbili kwa mkono, meza ya jikoni, alasiri moja, macho yamevimba. Ya Roland niliandika. Naikumbuka kabisa. Nakumbuka jina. Nakumbuka namba 8.

Wiki ile barua za pole zilimiminika, zote na ukingo mweusi kama kadi zangu. Bi Striebel ndiye aliyekuwa akinitolea sandukuni na kuzipanga kwenye boksi la viatu. Nilisoma kumi, nikashindwa. Boksi liko juu ya kabati la chumbani. Sijalishusha tangu siku hizo.

Haiwezekani. Mimi? Mimi niliyefundisha wengine?

Jumamosi, 25 Novemba

Ya kumi na saba kutoka juu.

Bwana Roland Oehler, Mtaa wa Linden 8, Erlenbrunn. Mwandiko wangu. Stempu yangu. Muhuri safi kabisa. Neno Hochreut halipo.

Miaka minne nimemchukia mtu kwa kadi iliyokuwa juu ya kabati langu. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimelia pia, na si kwa ajili ya Reinhold safari hii.

Barua ya wakubwa nimeichana.

Jumapili, 26 Novemba. Jumapili ya Wafu

Naandika garini, Hochreut, mbele ya nyumba. Nimetoka makaburini, taa ya Reinhold nimewasha. Bi Striebel alinisaidia kupakia. Alisema tu, "Kamba ikaze, Bi Oehler." Mpangaji yuko nyuma, miguu imetoka nje.

Sentensi yangu ninayo tayari tangu asubuhi: Roland, duka limekosea. Fupi, na ni kweli. Nilikwenda nayo mpaka mlangoni. Kibao cha kengele: R. Oehler. Herufi zilezile, hata skrubu zilezile, nadhani walinunua pamoja. Nikarudi garini kuchukua miwani.

Miwani ninayo usoni.

Kwa hiyo naandika kwanza. Kadi iko hapa chini ya daftari, haijafunguliwa.

Pazia limesogea. Sasa mlango. Anaufungua polepole, fimbo mkononi, amekonda, nywele zimeshikana. Shingo ni ya Reinhold kabisa. Anatazama gari. Anatazama boksi. Anapaza sauti mpaka majirani wasikie: "Kumbe Oehler aliyepokea ni wewe!"

Ni mimi. Boksi na kadi, vyote viwili nimepokea mimi.

Hajarudi ndani. Amesimama kizingitini bila koti, kwenye baridi hii, anasubiri nimalize kuandika.