Taa Yenye Alama Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Upepo wa kaskazini kutwa nzima. Vumbi hadi kwenye kahawa.

Saa nne kaingia dukani kwangu mwanamke mgeni, kabeba taa ya ukutani ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Edwige Roustan, mwalimu wa piano, katoka Carpentras, mji wa jirani. Balbu zinapepesa, anasema, na mafundi wa kwao wameshindwa. Mpole. Ana viatu vizuri.

Nikafunua blanketi. Jamani! Shaba, matawi matatu, majani ya mzabibu, matone ya kioo ya zambarau. Ni taa yangu! Ile ya chumbani, aliyonipa Gervais tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Ila yangu inainama kushoto, hii kulia. Nikageuza mgongo wake: alama mbili za patasi. Yangu ina moja. Mhunzi alizitia namba zisije zikapotezana.

Pacha wake! Gervais aliniambia aliikuta moja tu, kwa daktari mmoja mzee kule Uzès, nyingine iliibwa wakati wa vita. Na leo imekuja yenyewe, kwa miguu ya mtu mwingine.

Sikumwambia kitu yule mama. Gervais naye simwambii. Nitaomba niuziwe, niitundike kimyakimya, nimwone atakavyoshtuka. Nimeimba jioni nzima — akaniuliza nimekunywa nini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeifungua. Nyaya za ndani zimefungwa kwa utepe wa kitambaa, mizunguko mitatu, ncha imerudishwa chini. Namjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Labda aliwahi kuitengeneza dukani kwa mtu, akasahau.

Labda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Gervais kaenda Montpellier kununua vitu vya kale, kama kila Alhamisi. Kanyoa ndevu mara mbili. Nimeshinda nikisugua shaba ambayo tayari inang'aa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike tu kama ilivyokuwa.

Edwige kaja na tone moja la kioo lililokuwa limebaki kwake. Nikamkaribisha kahawa. Ananiita Bi Besson, maana ndilo jina la kibao mlangoni — jina la baba yangu, sijawahi kulibadilisha. Nikamwambia ninaipenda taa yake, ataje bei.

Akacheka. "Hata unipe shamba la mizabibu, mama, siiuzi! Nilipewa na mtu wangu. Juni ya sabini na tano, ndiyo kwanza tumefahamiana."

Juni ya sabini na tano. Mwezi uleule niliopewa yangu.

Nikauliza mbona hawajaoana. Sauti yenyewe sijui ilitokea wapi.

Akasogeza kiti. Mtu wake ni mjane, kasema. Mkewe alikufa huko Lyon kwa ugonjwa wa mapafu, na kabla ya kukata roho alimwapisha asioe tena. "Gervais ni mtu wa kiapo. Kwangu ni Alhamisi tu, basi, siku nyingine anasema anabaki na huzuni yake. Lakini sina kinyongo na marehemu, maskini. Naye alikuwa fundi, mwenye mikono ya dhahabu. Kila Novemba namwashia mshumaa kanisani."

"Aliitwa nani?"

"Huguette."

Mimi! Mimi huyu, nina kahawa mkononi! Mishumaa kumi na moja, niko hai, nina mafuta ya taa kwenye kucha. Nikamwuliza — Mungu anisamehe — kama marehemu alikuwa mzuri. Akasema Gervais hapendi kumzungumzia, inamuuma.

Akaniaga kwa busu, shavu hili na hili.

Jioni Gervais kanywa supu mabakuli mawili. Akasema leo chumvi imepungua.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya soko. Nimemkuta Fernande, yule muuza viti mwenye meza kando ya mto, rafiki yangu tangu shuleni. Edwige aliniambia ndiye aliyemwelekeza kwangu.

"Ulijua?" nikamwuliza.

Kainama, anapanga viti vilivyokwisha kupangwa. "Huguette, soko zima linajua. Wameonekana Carpentras tangu zamani. Kila mtu alisema, si mimi nitakayemwambia."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Miaka sita. Siku ile mama wa watu kaja kuulizia fundi wa taa, nikasema basi, mdomo wangu hauwezi, acha miguu yake iende."

Miaka sita anakula mezani kwangu kila Pasaka, anamwuliza Gervais, "Vipi shemeji, Montpellier kuna baridi?" Na mimi nawaongezea mvinyo.

Nimeondoka bila kumuaga. Sijui nani kaniuma zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba

Silali. Yeye analala vizuri sana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempigia Edwige, taa iko tayari, aje kesho saa nne. Kasema atakuja na keki.

Nimemwambia Gervais kesho saa nne kuna mteja wa lile kabati analouza, asiende popote. Kafurahi. Kanibusu kichwani. "Ningefanya nini bila wewe?"

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika huku juu, chumbani, kitabu magotini. Wako chini, wote wawili.

Edwige kafika kwanza. Gervais kaingia kwa mlango wa uani, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika.

"Gervais! Wewe hapa?" Yule mama kafurahi kwa dhati! Kamrukia shingoni. "Unamfahamu Bi Besson?"

Nikangoja. Nilikuwa nimesimama pale, kitambaa mkononi, nikimtazama usoni. Nilijua atapauka. Nilidhani atapiga magoti, au atakimbia, au ataniita kwa jina langu. Alikuwa na muda wa kutosha, hata dakika nzima.

Akavua kofia. "Namfahamu kidogo," akasema. "Ni fundi wangu. Hunisafishia shaba."

Hunisafishia shaba!

Edwige akanigeukia na tabasamu lake. Sikuweza kumvunja moyo bado. Nikasema ngojeni, kuna kitu juu kinachokwenda na taa yenu, nakileta. Gervais akasema haraka, "Hakuna haja." Mimi nilikwisha kushika ngazi.

Nimeifungua taa yangu ukutani. Skrubu nne. Imeacha alama nyeupe yenye umbo lake. Iko hapa kando yangu kitandani, nzito kuliko nilivyodhani.

Namsikia Gervais yuko chini ya ngazi. Ananiita. Sauti ya adabu, ile ya wateja.

"Bi Besson? Bado, Bi Besson?"